Kampuni Ikinunuliwa, Uweke Pesa kwa Nani?

Kila inapotangazwa kwamba kampuni fulani ya sokoni inanunuliwa na nyingine, mawakala wa hisa huulizwa swali lile lile: ninunue hisa za mnunuzi, au za kampuni inayonunuliwa? Ni swali zuri, ila wengi huliuliza wakati mbivu zimeshachumwa. Faida kubwa ya kampuni inayonunuliwa huenda kwa waliokuwa na hisa zake kabla ya tangazo. Wewe unayeingia siku ya pili unafanya kazi nyingine kabisa: unalipwa ujira mdogo ili ubebe hatari ya mpango kuvunjika. Ni kazi halali, na wapo wanaoishi kwayo, lakini haifanywi kwa hisia. Hufanywa kwa kalamu na karatasi. Na kuhusu mnunuzi, ushauri wangu kwa mwenye akiba ndogo ni kwamba asiguse hisa zake wiki ya tangazo.

Tuanze na Bamburi, kwa sababu kisa chake kina karibu kila kitu ambacho mwekezaji wa Afrika Mashariki anapaswa kukijua.

Julai 2024, kundi la Amsons la Tanzania, linalojulikana kwa mafuta na saruji ya Camel, lilitangaza kuwa liko tayari kununua hisa zote za Bamburi Cement kwa shilingi 65 za Kenya kila moja. Kabla ya hapo hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa Nairobi kwa karibu shilingi 45. Aliyelala na hisa 1,000 aliamka akiwa na mtu anayemwahidi shilingi 20,000 zaidi, bila yeye kufanya lolote. Hiyo ndiyo ziada ya ununuzi, na ndiyo inayowatia watu kiwewe. Lakini mara tangazo linapotoka, bei ya soko haikungoji. Huruka yenyewe hadi karibu na bei ya ofa. Kinachobaki kwa anayefika baadaye ni pengo jembamba kati ya bei ya leo na ile ya ofa.

Agosti akajitokeza mshindani. Savannah Clinker ikasema italipa 70, na baadaye ikapandisha hadi 76.55. Hapo mahesabu ya wengi yalibadilika. Mtu aliyekuwa tayari kupokea 65 alianza kujiuliza kwa nini asisubiri 76.55, na aliyekuwa nje akaona nafasi ya kuingia. Wapo walioikumbuka Rea Vipingo, kampuni ya mkonge, ambayo mwishoni mwa 2013 iliwekewa ofa ya shilingi 40, wanunuzi wakagombana, Centum ikiwamo, na bei ikaishia 85. Ukiwa na kumbukumbu kama hiyo, kusubiri kunaonekana kuwa ndiyo busara.

Ila Bamburi haikwenda njia hiyo. Mwishoni mwa 2024 Savannah ilijiondoa, ikabaki Amsons na 65 yake, na Desemba ikatangazwa kwamba imekwisha kukusanya zaidi ya asilimia 96 ya hisa zote. Yeyote aliyenunua sokoni juu ya 65 akiitegemea 76.55 alibaki na hasara ya wazi.

Je, kulikuwa na dalili? Nadhani ilikuwapo, na ilikuwa imeandikwa. Holcim ya Uswisi, kupitia kampuni zake mbili, ilikuwa na asilimia 58.6 ya Bamburi, na ilikuwa imekwisha kukubaliana na Amsons kabla ya umma kusikia. Mshindani alipaswa kumng'oa mwenye nyumba aliyekwisha kupeana mkono na mtu mwingine. Kwa hiyo, mbele ya ofa yoyote, jambo la kwanza la kutafuta ni mwenye hisa nyingi ameahidi nini na kwa nani, bei iifuate. Waraka wa ofa huwa unalieleza. Katika masoko yetu, ambako kampuni nyingi zina mwenye hisa mmoja anayezidi nusu, ukurasa huo mmoja unaweza kukufaa kuliko uchambuzi wote wa magazetini.

Sasa kalamu. Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu iwe nyepesi. Hisa ilikuwa 40 kabla ya tangazo, ofa ni 60, na leo sokoni inauzwa 56. Ukinunua na mpango ukafaulu unapata 4 kwa kila hisa, kama asilimia 7. Mpango ukivunjika na bei ikarudi 40, unapoteza 16. Gawanya 16 kwa 20, ambayo ni jumla ya unachoweza kupata na kupoteza, unapata asilimia 80. Maana yake, usipoamini kwamba nafasi ya mpango kufaulu inazidi 80 kwa 100, usinunue.

Hapo hatujamlipa wakala. Ukiweka ada na tozo za karibu asilimia 2, hisa ya 56 inakugharimu 57.12, na faida inashuka hadi 2.88. Mpango ukivunjika na ukalazimika kuuza kwa 40, baada ya makato unapokea 39.20, na hasara inakuwa 17.92. Sasa unahitaji uhakika wa asilimia 86 ili tu usipate hasara kwa wastani. Kisha jiulize muda. Asilimia 5 kwa miezi mitatu ni pato zuri. Asilimia 5 hiyo hiyo kwa miezi 18 haifiki hata unachopewa na Serikali kwa dhamana zake, tena huko hakuna mahakama inayoweza kukufutia mpango usiku mmoja.

Wenye fedha nyingi wameifanya kazi hii kwa miongo mingi. Watafiti Mitchell na Pulvino walichunguza ofa 4,750 za Marekani kati ya 1963 na 1998, wakakuta kwamba anayenunua kampuni zinazonunuliwa baada ya tangazo alipata, baada ya gharama, karibu asilimia 4 kwa mwaka juu ya alichostahili kwa hatari aliyobeba. Hayo ni mapato ya kuheshimika. Ila yalitoka kwenye mamia ya ofa kwa pamoja, ambapo moja ikivunjika nyingine zinaifidia, na hata hivyo soko zima lilipoporomoka mapato hayo yaliporomoka nalo. Nairobi na Dar es Salaam hatuna mamia ya ofa. Tunayo moja au mbili kwa mwaka, na mwaka mwingine hakuna. Mtu anayeweka akiba yake yote kwenye ofa moja anacheza mchezo tofauti na ule uliochunguzwa.

Pengo lenyewe pia linasema. Julai 2022 shirika la ndege la JetBlue la Marekani lilikubali kuinunua Spirit kwa dola 33.50 kwa hisa. Kufikia mwanzoni mwa 2024 hisa ya Spirit ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Aliyetazama tarakimu peke yake aliona pesa ya bure: nunua leo, pokea zaidi ya mara mbili. Tarehe 16 Januari 2024 jaji alizuia mpango kwa kuwa ungepunguza ushindani, na hisa ikapoteza karibu nusu ya thamani siku hiyo hiyo. Novemba mwaka huo Spirit ikaomba kinga ya kufilisika. Pengo kubwa kiasi hicho lilikuwa sauti ya maelfu ya watu waliokwisha kusoma mashtaka ya Serikali.

Si kila pengo ni mtego. Microsoft ilipotangaza Januari 2022 kuinunua Activision Blizzard kwa dola 95, hisa ilifunga siku hiyo karibu 82, kwa hofu ya wasimamizi wa ushindani. Aprili 2023 msimamizi wa Uingereza aliuzuia mpango kweli, bei ikaanguka, lakini Oktoba mwaka huo ulikamilika na 95 ikalipwa. Aliyenunua siku ya tangazo alipata kama asilimia 15, kwa kuvumilia miezi 21. Tofauti ya visa hivi viwili ni kwamba Microsoft ilikuwa na fedha na ilikuwa tayari kurekebisha mpango hadi ukubalike, na Activision ilikuwa kampuni yenye afya ambayo hata peke yake ilikuwa na thamani. Spirit peke yake ilikuwa ikizama. Kwa hiyo, kabla hujanunua kampuni inayonunuliwa, jiulize ungekubali kubaki nayo kwa miaka mitano endapo mnunuzi angetoweka kesho. Kama jibu ni hapana, unachonunua ni ahadi ya mtu mwingine.

Huku kwetu wasimamizi na mabaraza wana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Oktoba 2021 Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg ya Ujerumani, ilikubaliana kununua asilimia 68.33 ya Saruji Tanga. Heidelberg tayari ilikuwa mmiliki mkuu wa Saruji Twiga. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 inaiangalia kampuni inayozidi asilimia 35 ya soko kuwa ina nguvu ya kutawala, na Twiga na Tanga zikiwekwa chini ya mwenye mali mmoja zilizua swali hilo mara moja. Septemba 2022 Baraza la Ushindani likautengua mpango. Suala likarudi mezani, 2023 likaruhusiwa upya katikati ya mabishano makali ya umma, na kufikia 2024 hisa nyingi za Tanga zikawa zimeishia kwa Amsons wale wale. Mwanahisa mdogo wa Tanga alikaa miaka yote hiyo bila kujua hisa yake itanunuliwa na nani na kwa bei gani. Kama fedha hiyo ilikuwa ada ya mtoto, haikustahili kuwa pale.

BOC Kenya nayo. Januari 2021 Carbacid na mwenzake walitoa ofa ya shilingi 63.50 kwa hisa. Mwanahisa mmoja mdogo akaenda Baraza la Masoko ya Mitaji akidai bei hiyo ni ndogo mno, na mpango ukakwama humo kwa miaka. Binafsi naona haki yake ilikuwa muhimu. Bila watu wa namna hiyo wanahisa wadogo wangemezwa kila siku. Lakini kwa aliyenunua akitegemea kulipwa baada ya miezi michache, pengo dogo la bei halikuweza kufidia miaka hiyo.

Kuna ofa ambazo hazilipi fedha taslimu, na hapa swali la mnunuzi au anayenunuliwa linajifuta lenyewe. Aprili 2019 benki ya KCB ilitoa ofa ya kuichukua National Bank of Kenya kwa kubadilishana hisa: moja ya KCB kwa kila kumi za National. Mwenye 5,000 za National alipata 500 za KCB. Kwa wenzetu wa Marekani na Ulaya, mjuzi angenunua inayonunuliwa na wakati huo huo akauza kwa kukopa hisa za mnunuzi, ili bei ya mnunuzi ikishuka asiumie. Mwekezaji wa kawaida wa Nairobi hana njia rahisi ya kufanya hivyo. Kwa hiyo kununua National siku zile ilikuwa ni kununua KCB kwa mlango wa nyuma. Kama hukuitaka KCB, hukuwa na sababu ya kuitaka National.

Na KCB ndiyo inayotupeleka kwa mnunuzi. Mnunuzi huwa na hadithi tamu: ukubwa, matawi zaidi, gharama kupungua. Wanaolipa hadithi hiyo ni wanahisa wake. National ilihitaji mtaji, mikopo mibovu yake ikaendelea kuumiza, na kwa mwaka 2023 ikapata hasara ya mabilioni ya shilingi. Mwaka huo KCB haikulipa gawio. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini National ilikuwa mojawapo, na Machi 2024 KCB ikatangaza kuiuza kwa Access Bank ya Nigeria. Miaka mitano haikutimia tangu ofa ile ya moja kwa kumi.

Takwimu za Marekani zinaelekea upande huo huo. Moeller, Schlingemann na Stulz, katika utafiti uliochapishwa 2005, walikuta kwamba kati ya 1998 na 2001 wanahisa wa kampuni zilizonunua nyingine walipoteza kwa jumla dola bilioni 240 siku za matangazo, na sehemu kubwa ya hasara ilitokana na idadi ndogo ya mipango mikubwa mno. Ununuzi mkubwa, unaolipwa kwa hisa mpya au mikopo mizito, unaofanywa na wakuu walioshangiliwa kwa ununuzi uliotangulia: huo uogope.

Ila sitaki kuwaonea wanunuzi wote. Benki ya Equity iliingia Congo 2015 kwa kununua sehemu kubwa ya ProCredit, benki ndogo, ikajifunza soko la Kinshasa na Lubumbashi, ndipo 2020 ikachukua asilimia 66.53 ya benki ya BCDC kwa dola milioni 95, baada ya kuipunguza bei kutoka milioni 105 kwa sababu ya korona. Ikaziunganisha benki hizo mbili, na leo Congo ni nguzo kubwa ya kundi hilo. Kipindi hicho hicho Equity iliachana na mpango wake wa kununua benki za Atlas Mara katika nchi nne, baada ya mwaka mzima wa mazungumzo. Mimi kilichonivutia zaidi ni huko kuachana. Mnunuzi anayeweza kupunguza bei, na anayeweza kuondoka mezani, ndiye ningemfikiria. Na hata huyo ningemsubiri: ripoti mbili za mwaka baada ya ununuzi zitakuonyesha kama mikopo mibovu inapungua na kama gawio linalipwa. Ukichelewa hivyo unaweza kukosa faida kidogo, lakini utakuwa umeepuka yale yaliyowakuta wenye KCB.

Kwa vyovyote, mara nyingi mnunuzi hapatikani sokoni kwetu. Amsons haijaorodheshwa. Rubis iliyoinunua kampuni ya mafuta ya KenolKobil iko Paris, Heidelberg iko Frankfurt, Diageo iliyojiongezea hisa za kampuni ya bia ya EABL iko London, na kwa kampuni za ukubwa huo kiwanda kimoja cha Afrika Mashariki hakitikisi bei ya hisa.

KenolKobil inanikumbusha jambo moja la kulipita haraka lakini si la kulidharau. Kabla ya ofa ya Rubis kutangazwa Oktoba 2018, hisa zilinunuliwa kwa wingi usio wa kawaida, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikafungia akaunti za baadhi ya walionunua na kuwachunguza. Mtu akikuletea habari za ofa ambayo haijatangazwa, hata kama ni shemeji yako anayefanya kazi humo, usinunue. Ni kosa la jinai, na majina yote yamo kwenye kumbukumbu za CDS, mfumo unaohifadhi umiliki wa hisa.

Ofa ya sehemu nayo ina hesabu zake. Diageo, iliyokuwa na asilimia 50.03 ya EABL, Oktoba 2022 ilitangaza kununua hadi ifike asilimia 65, kwa shilingi 192 kwa hisa, juu sana ya bei ya soko. Kikomo kama hicho kina maana kwamba walioomba kuuza wakizidi, kila mmoja hununuliwa kwa uwiano na zilizobaki humrudia. Ofa ilifungwa Machi 2023, na mwisho wa mwaka huo hisa ya EABL ilikuwa chini ya 130. Katika ofa ya namna hii, piga hesabu mbili: ya hisa zitakazochukuliwa, na ya zitakazobaki mikononi mwako baada ya mnunuzi kuondoka.

Kwa wewe uliyekuwa na hisa kabla ya tangazo, uko mahali pazuri kuliko wote, na haraka ndiyo adui yako. Ofa ikishafunguliwa, siku ya kwanza na ya mwisho hulipwa bei ile ile, na ofa bora ikitokea katikati utakuwa bado huru. Bei ya soko ikifika karibu kabisa na ya ofa, na unaihitaji fedha, kuuza sokoni na kumwachia mwingine hatari ni uamuzi mzuri usiohitaji kuombewa radhi. Kukataa kabisa kunahitaji moyo na sababu, kwa kuwa mnunuzi akipata asilimia 90 ya hisa alizoziombea ofa, Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inamruhusu kuzichukua zilizobaki hata kwa wasiotaka. Na asipofika huko, unaweza kubaki na hisa ambazo hakuna wa kuzinunua.

Shughulikia karatasi mapema. Hakikisha akaunti yako ya CDS ina namba ya simu na akaunti ya benki inayofanya kazi, kwa kuwa malipo hupitia humo. Kama hisa ni dhamana ya mkopo, zungumza na benki kabla, maana huwezi kuziuza zikiwa zimefungwa. Na kama kuna cheti cha marehemu mzazi kwenye sanduku nyumbani, anzeni mirathi sasa, kabla hata ya kusikia ofa yoyote. Dirisha la kukubali ofa hupimwa kwa wiki. Barua za usimamizi wa mirathi zinaweza kuchukua miezi, na mnunuzi hasubiri mahakama. Nchini Kenya fedha ambazo mwenyewe hakuonekana huishia kwa Mamlaka ya Mali Zisizodaiwa, na bado mnaweza kuzifuata huko, mkiwa na cheti cha kifo, barua ya mirathi na vitambulisho vya warithi.